Mpiga Drams wa Kwenye Jalada

Annis Kershaw alikuwa kiziwi nusu, kama walivyokuwa wanawake wengi wa mtaa ule wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, waliozeekea kwenye viwanda vya pamba. Mitambo ya kufuma iliunguruma kutwa nzima, mamia kwa mamia ndani ya chumba kimoja, na msichana aliyeingia humo akitoka shule hakutoka na masikio yake. Kwa hiyo walijifunza kusemezana kwa midomo bila sauti, wakiivuta na kuikunja kama watu wanaotafuna mkate mkavu. Wangeweza kumsengenya mtu kutoka ng'ambo moja ya barabara hadi nyingine, na huyo anayesengenywa akapita katikati yao akiwaamkia.

Mwanawe wa pekee, Alwyn, alijua kusoma midomo kabla hajajua kusoma kitabu. Baba yake aliuawa vitani Italia, mtoto akiwa bado wa kunyonya, wakabaki wawili kwenye nyumba ndogo ya matofali yaliyopigwa weusi na moshi. Mtoto alikuwa mtu wa kugonga vitu. Aligonga meza, akagonga ndoo ya makaa, akagonga ngazi kwa visigino akishuka asubuhi. Majirani walikuwa wakipiga ukuta wakimwambia anyamaze. Annis hakumkataza hata siku moja. Alikuwa akiweka kiganja chake juu ya meza, akafumba macho, akatabasamu.

"Endelea," alimwambia. "Hii naisikia."

Alipoanza kazi kiwandani, akiwa msaidizi wa fundi wa mitambo, Alwyn alinunua drams kuukuu za bendi ya kanisa iliyovunjika, akaziweka chumba cha mbele, zikakijaza mpaka mgeni alikuwa akikaribishwa jikoni. Mdundo wake ulikuwa wa peke yake. Mkono wa kushoto ulichelewa kidogo, kidogo sana, kama mtambo uliolegea mkanda: unadhani umekwama, halafu huo unaitika. Hakufundishwa na mtu. Kiwanda ndicho kilichomtia mdundo ule mwilini, na vijana waliokuja kucheza Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa walijikuta viuno vinakwenda vyenyewe.

"Alwyn, mdundo wako kiguru," Trevor Lomax alimtania siku ya kwanza alipomsikia.

"Kiguru lakini unafika," Alwyn akajibu. "Wewe na sauti yako ya kuitia mbwa unafika wapi?"

Trevor alikuwa mtoto wa muuza nyama, mrefu, nywele zimemfunika paji la uso, na kwa kweli alijua kuimba. Alikuwa na mwenzake Gordon Pilling, karani wa ofisi ya gesi, aliyepiga gitaa, na binamu wa huyo Gordon, aliyepiga gitaa la besi na kusema maneno machache kwa mwaka. Wakamchukua Alwyn, wakajiita Cordells. Zilikuwa ni zama ambazo kila mji wa kaskazini ulikuwa na bendi kila kona, na mabwana wa kampuni za London walikuwa wakizigombania kama akina mama wanaogombania viazi vya mwisho sokoni. Mmoja wao akawasikia Manchester. Hakutaka hata kuwajaribu kwa wimbo mmoja; aliwataka waje London watoe albamu nzima.

Kabla ya safari wakapigwa picha ya jalada kando ya mfereji, nyuma ya kiwanda. Mpiga picha aliwapanga kwa urefu, na Alwyn, kwa kuwa ndiye mfupi, akawekwa mbele kabisa, vijiti mkononi, macho yameelekea moja kwa moja kwa mtazamaji. Alikuwa kijana mzuri wa sura. Ilikuwa picha nzuri pia.

"Ukirudi utatusahau sisi," shangazi yake Hilda alimwambia asubuhi ya kuondoka, akimkabidhi sandwichi kwenye karatasi.

"Nitakusahauje wewe, shangazi, na unavyopiga kelele?"

Annis alimsogelea. Alimtengeneza kola ya koti, akampiga kofi dogo la shavuni, akamsukuma kwenda mlangoni.

Albamu za zama zile zilirekodiwa kwa siku moja. Waliingia studio asubuhi, na ilitakiwa jioni watoke kazi imekwisha. Mtayarishaji alikuwa bwana mmoja aliyeitwa Haviland, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya chini, aliyekaa upande wa pili wa kioo kikubwa na kuzungumza nao kwa spika.

Wimbo wa kwanza haujafika katikati, akawasimamisha.

"Wewe wa drams. Unachelewa."

"Sichelewi, bwana. Ndivyo unavyokwenda."

"Unachechemea, kijana. Hebu unyooshe."

Wakaanza tena. Alwyn akajitahidi kuunyoosha, lakini mkono wa kushoto ulikuwa na akili yake. Alipouharakisha, ukatangulia, alipouzuia, ukakwama. Jasho lilimtoka mpaka kijiti kikamponyoka, kikabingiria chini ya piano. Gordon alicheka. Wakarudia mara nyingine, na nyingine. Kisha spika ikanyamaza.

Nje kwenye ujia kulikuwa na mtu amekaa tangu asubuhi akisoma gazeti, mtu mzima mwenye sweta la vifungo. Alwyn alikuwa amempita wakati wa kuingia, akadhani ni bawabu. Sasa mtu yule akaingia, gazeti chini ya kwapa, akasimama kando ya drams.

"Samahani, mdogo wangu," alisema kwa upole kabisa. "Nikusumbue kidogo kiti."

Alwyn akainuka. Hakujua la kufanya na mikono. Mtu yule akakishusha kiti kidogo, akajaribu ngoma ya mguu, akamtikisia kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeazima koleo kwa jirani. Ilikuwa bora angekuwa jeuri.

Trevor na Gordon walikuwa wameitwa upande wa pili. Alwyn aliwatazama kupitia kioo. Kioo kilikuwa kinene, hakipitishi hata mnong'ono, na wale wa upande ule walizungumza bila wasiwasi kwa kujua kwamba hawasikiki. Lakini Alwyn alikuwa mtoto wa Annis Kershaw.

"Mtakuwa na neno juu ya jambo hili?" midomo ya Haviland iliuliza.

"Hapana," Trevor akasema.

"Ni rafiki yenu."

Trevor akatazama viatu vyake. Gordon ndiye aliyejibu, na Alwyn aliyasoma maneno yake moja moja, kama yaliyoandikwa ubaoni: "Tuendelee tu, bwana. Muda unakwenda."

Waliporudi, Gordon alijifanya anakaza nyuzi za gitaa ambazo hazikuwa zimelegea. Trevor alimshika Alwyn bega, akasema, "Ni kwa leo tu, kaka. Si unajua watu wa London." Alwyn akasema anajua. Akakaa kwenye benchi la ukutani siku nzima, akisikiliza nyimbo walizozitunga pamoja katika chumba cha mbele cha mama yake zikienda zimenyooka, safi, hazina kasoro yoyote. Mtu wa sweta alikuwa hodari. Hilo Alwyn hakuweza kulikana. Ulipofika wimbo wa mwisho wakamwonea haya, wakampa tari. Haviland akamwambia asogee nyuma. Halafu asogee nyuma zaidi. Mwishowe alikuwa karibu na mlango, akitikisa tari ambayo hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida.

Sahani ya santuri ilipotoka, mtaa mzima ulijua. Iliwekwa kwenye dirisha la duka la muziki, uso wa Alwyn mbele, na akina mama waliokwenda kununua samaki walipita kwanza hapo. Jumapili mchana, shangazi Hilda alileta gramafoni yake, kabati kubwa la mbao, wanaume wawili wakalibeba mpaka kwa Annis. Majirani wakajaa mpaka kwenye ngazi. Kulikuwa na chai, sandwichi za nyama ya ulimi, na keki.

"Tusogeeni nyota aone pa kukaa!" mmoja alipaza sauti.

"Nyota gani huyo, bado ana deni la kuosha madirisha yangu," mwingine akadakia, watu wakacheka.

Sahani ikaanza kuzunguka. Annis akasogea, akaweka kiganja juu ya kabati kama alivyokuwa akikiweka mezani, akafumba macho. Alwyn alikuwa amesimama mbele yake. Alitaka kumshika mkono ule auondoe. Alikuwa amejiambia kwenye treni, na tena kitandani siku zote zile, kwamba mama ni kiziwi, kwamba yeye kati ya watu wote hatajua.

Tabasamu la Annis lilikaa kidogo, halafu likaanza kuisha. Alikibonyeza kiganja, kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo ya mgonjwa. Akafumbua macho. Akageuka akawapa wenzake mgongo, kwa maana wote mle walikuwa wasoma midomo, na midomo yake ikasema bila sauti:

"Huyu nani?"

Alwyn akajibu hivyo hivyo, kwa midomo. "Mimi, Mama."

Mama akamtazama. Alimtazama kwa muda ambao wimbo ulikwisha na mwingine ukaanza. Kisha akaondoa mkono juu ya kabati, akaufuta kwenye aproni, akawageukia watu na kusema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe: "Huyo ndiye Alwyn wetu!"

Wakapiga makofi. Hilda akalia. Annis akaenda jikoni kuongeza maji ya chai, na tangu siku hiyo, hata Alwyn alipogonga meza kwa kusahau, mama hakuweka mkono tena.

Cordells walizunguka nchi nzima na nyimbo zile. Haviland alikuwa ameagiza kwamba jukwaani zisikike kama kwenye sahani, basi Alwyn akainunua sahani yenye picha yake mwenyewe, akakaa nayo akijifunza kumwiga mtu wa sweta. Alifunga kitambaa kwenye kiwiko cha kushoto ili akumbuke kukiharakisha. Kila siku alijikemea, na kila siku kiguru kilipungua, mpaka kikapona. Wasichana walipiga mayowe kwenye kumbi bila kukoma. Angekuwa anapiga sufuria, wasingejua.

Maandalizi ya albamu ya pili yalipoanza, Trevor alimkaribisha kwenye mkahawa mmoja Stockport, akamwagizia samaki na chipsi.

"Alwyn, ndugu yangu, London wanataka mtu mwingine. Wa kudumu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Mimi sina kauli hapo."

"Ajabu," Alwyn akasema. "Sauti yote hiyo, na kauli huna."

Trevor alicheka kwa kudhani ni mzaha, akamsogezea siki. Alwyn alimaliza samaki wake wote, kwa sababu alilelewa kutoacha chakula, akapanda basi kurudi Rochdale.

Fundi mkuu kiwandani alimpa kazi yake ile ile. "Karibu nyumbani, mheshimiwa. Ule mtambo wa dirishani unakusubiri utie sahihi," alimwambia, na kwa mwezi mzima wafumaji walikuwa wakipiga mayowe ya kisichana kila anapopita na kopo la mafuta. Hakuwakasirikia. Jioni moja ya Ijumaa alikwenda kupiga na wazee wa klabu ya wafanyakazi, nyimbo za kuchezea watu wazima, akasema sasa atapiga kama alivyopiga zamani. Akautafuta ule uchelewaji wa mkono wa kushoto. Haukuwepo. Akiuacha mkono, unakwenda alikoufundisha kwenda. Akiulazimisha uchelewe, unachelewa vibaya, kwa makusudi, kama mtu anayemwigiza kiguru amcheke. Wala mdundo wa mtu wa sweta haukuwa wake. Alikuwa kama mtu aliyesahau lugha ya nyumbani kabla hajaiweza ya ugenini.

"Umeharibika, kijana," mpiga kinanda alimwambia baadaye, bila ubaya. "Zamani ulikuwa na kitu."

Aliziuza drams kwa shule moja ya Oldham. Annis alipokuta chumba cha mbele kitupu, alileta kiti kimoja, akakiweka katikati, akakaa.

Cordells wenyewe hawakudumu. Albamu ya pili haikununuliwa, Trevor akaingia kwenye biashara ya nyama ya baba yake, Gordon akafungua duka la mazulia Southport. Kilichobaki ni ile sahani ya kwanza, ambayo watu waliipenda kuliko walivyowapenda walioitoa. Kwenye baa watu wasiomjua walikuja na jalada na kalamu. "Wewe ndiye uliyepiga humu?" Naye alitia sahihi. Mwanzo alisema maneno mawili matatu ya kukwepa. Baadaye akawa anatia sahihi tu.

Alimwoa Beryl Heap, kondakta wa basi, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo usio na kona. Alimwambia ukweli kabla ya harusi, wakiwa wamekaa kwenye benchi la bustani.

"Sikupiga mimi kwenye ile sahani."

"Basi waambie watu."

"Niwaambie nini, na sura ni yangu?"

Beryl alifikiri. "Na mama yako?"

"Mama anajua. Sijamwambia, lakini anajua."

"Mwambie, Alwyn. Usimwachie mzigo huo."

Alikubali, na miaka ikapita akiwa amekubali. Ilimfikisha hospitalini, Annis amelala mifupa mitupu chini ya shuka, akimwelezea muuguzi kwa sauti yake kubwa kwamba mwanawe alipiga ngoma kwenye sahani, tena sura yake iko juu. Muuguzi alipotoka, Alwyn akavuta kiti, akausogeza uso wake karibu mama auone vizuri.

"Mama," alisema kwa midomo. "Ile sahani…"

Annis akafumba macho. Hakuwa amesinzia. Mtu asiyesikia akifumba macho amefunga mlango, na Alwyn alilijua hilo tangu utoto. Ndivyo mama alivyokuwa akifanya mwenye duka alipokuja kulalamika. Aliyafumba mpaka Alwyn alipochoka kusubiri na kujiegemeza nyuma. Ndipo akayafumbua, akamuuliza kama Beryl amepona mafua. Alikufa wiki ile ile.

Kiwanda kikafungwa, kikawa ghala, kikabomolewa. Alwyn alipata kazi ya kupanga masanduku nyuma ya duka kubwa, akaifanya mpaka alipostaafu. Hawakujaliwa mtoto. Masikio yake nayo yakaanza kufa, kwanza kwa sauti nyembamba, halafu kwa nyingine.

Alikuwa mzee alipopata habari kwamba Trevor amefariki. Beryl alimpigia pasi shati jeupe.

"Gordon atakuwepo," alisema. "Muulize. Safari hii muulize, Alwyn. Usirudi hapa na tumbo limejaa maneno."

Kwenye mazishi walipiga wimbo wa kwanza wa ile albamu wakati jeneza linapelekwa nyuma ya pazia, kwenda kuchomwa. Baadaye watu wakakusanyika ukumbini kwa chai, na Gordon akamwona, akaja kwa fimbo, amenenepa, macho yamemjaa machozi.

"Alwyn! Mzee wangu! Tumebaki sisi."

"Gordon, nina swali. Siku ile London, tulipotoa albamu."

"Siku gani ile!" Gordon akasema. "Joto, unakumbuka? Na yule bwana wa suti."

"Kwa nini hamkusema kitu?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi. Nilipoondolewa kwenye drams."

Gordon alimtazama kama anayemwonea huruma. Alwyn alimkazia macho usoni, akitafuta uongo, kwa maana sura za watu alizijua. Hakuuona. Gordon hakuwa anaficha chochote.

"Kuondolewa? Hiyo ilikuwa baadaye, kaka, albamu ya pili, na Trevor ilimuuma mpaka anakufa. Siku ile ulipiga wewe. Ulipiga vizuri ajabu. Huwa nawawekea wajukuu zangu nawaambia, msikilizeni Alwyn Kershaw huyo."

"Haikuwa mimi, Gordon. Alikuwa mtu mwenye sweta."

"Bado una unyenyekevu ule ule," Gordon akasema, akampiga bega, akageuka kumwita mke wake aje amwone.

Alirudi kwa basi. Beryl alikuwa anapakua nyama na viazi.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Anasema nilipiga vizuri."

Beryl akashusha mwiko. Akamwongezea viazi. Wakala. Baada ya siku hiyo Alwyn hakuitaja tena sahani ile, na aliyemletea jalada alimtilia sahihi na kumwambia ahsante.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata; moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Watu walijaa kanisani kuliko Beryl alivyotarajia, wengine vijana kabisa, wamevaa makoti ya mtindo wa zamani zile. Mpwa mmoja wa Beryl, kwa nia njema na bila kumuuliza mtu, alikuwa amemkabidhi mhudumu albamu ya Cordells. Mchungaji alipomaliza kuomba, wimbo ukaanza, na mdundo ule safi ukajaa kanisa.

Beryl akasimama. "Zimeni hiyo."

Wakadhani ni uchungu. Hilda, aliyekuwa mkongwe wa kutembezwa kwa kiti, alimnyooshea mkono. Mpwa akamnong'oneza, "Lakini ndiye yeye, shangazi."

"Zimeni, nasema!"

Wakazima. Mhudumu alibaki kasimama na sahani mikononi, akimtazama mpwa, mpwa akimtazama mchungaji. Walitaka waweke kitu kingine chenye Alwyn ndani yake, wakamgeukia mjane wake awaambie ni kipi, na Beryl hakuwa nacho.